Kangaga la Mjane

Adwoa Frema alikuja kuagiza nguo yake ya msiba Jumatano asubuhi, akamkuta Dapaah, fundi wa kupiga mihuri kwenye nguo, akikoroga magome ya wino kwenye sufuria. Hakutaka kiti, wala hakutaka maji. Maiti ya mumewe ilikuwa bado mochwari Kumasi, mazishi Jumamosi, na macho yake yalikuwa makavu kama ya mtu aliyekwisha kulia yote.

"Nipigie kangaga," alisema. "Nguo nzima. Usinichanganyie na kitu kingine."

"Kangaga, shemeji?"

"Umenisikia."

"Mawifi na wakwe zako watakuwepo wote, lakini."

"Mazishi yasiyo na wakwe umeyaona wapi?" Akaweka kitambaa chake chekundu kilichoiva juu ya meza, akaondoka.

Hapo ndipo Dapaah alipokosea, kwa kumwacha aende bila swali, ingawa yeye alidhani kosa lake lilikuja baadaye. Pale Ntonso, kijiji cha wapiga mihuri, kila muhuri una maneno yake, na asiyeyajua maneno hayo huwa mgeni. Kangaga ni lile jani linaloota hata penye jiwe, na mwenye kulivaa husifiwa kwa ustahimilivu. Lakini wao kwa lugha yao huliita aya, na neno hilohilo masikioni mwao husema pia, "Sikuogopi." Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, na ukoo wa marehemu haukuwa na mjinga hata mmoja.

Dapaah aliujua ugomvi uliokuwepo. Marehemu Kwaku Adomako, rafiki yake aliyekuwa akicheza naye bao kila Jumapili, aliacha nyumba. Kwa watu wale ukoo ni wa upande wa mama, na mali ya mwanamume huangalia kwa mpwa kabla ya kuangalia kwa mke. Birago, dada wa marehemu, alikwisha kutamka sokoni kwamba nyumba ni ya mwanawe. Jumatatu baada ya mazishi wazee wangekaa kuamua kama Frema atabaki ndani yake au atarudi kwao. Na kwa desturi ya ukoo ule mjane hafungui kinywa mbele ya wazee hadi aruhusiwe. Kinachosema ni nguo yake.

Basi Dapaah alikaa na muhuri wa kangaga, kile kipande cha kibuyu alichokichonga kwa mkono wake miaka kumi nyuma, jani na matawi yake pande mbili. Alikichovya kwenye wino. Akakifuta. Dapaah alikuwa mtu wa amani, na watu wa namna hiyo wana ugonjwa wao: huona heri mtu anyamazishwe kuliko chungu kivunjike. Akajiambia, mwanamke huyu ana uchungu, hajui anachokitaka, akivaa hili watamfukuza Jumamosi hiyohiyo kabla hata ya Jumatatu. Akauchukua muhuri wa moyo, ule unaosema, kuwa na subira. Akaupiga mstari baada ya mstari hadi nguo ikajaa mioyo, na kusema kweli ilikuwa kazi safi.

Aliipeleka mwenyewe asubuhi ya mazishi, imekunjwa, gari la maiti likiwa linaingia mtaani. Frema aliikunjua mbele yake. Akaiona mioyo. Hakuwa na nguo nyingine ya kuvaa, na watu walikuwa wanamwita. Akajifunga ile ile, akatoka.

Jumatatu walikaa uani kwa Nana Ofosu, mkuu wa ukoo. Frema alikuwa kwenye kigoda kidogo pembeni, na mioyo yake mwili mzima. Dapaah aliitwa kama rafiki wa marehemu.

Birago hakungoja. "Nana, tunapoteza muda. Nguo yake tumeisoma wote tangu Jumamosi. Wifi yangu amevaa moyo. Amekubali, anasubiri tumwambie siku ya kuhama. Mimi namshukuru, ni mwanamke mwenye adabu."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema ni kweli, amevaa moyo, tena mioyo mingi. Ilikuwa karibu kwisha hivyo hivyo, kwa heshima na shukrani, na mwanamke apoteze nyumba kwa maneno ambayo hakuyasema. Dapaah aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Akasimama.

"Nana, naomba radhi. Ule moyo si wake. Ni wangu."

"Unasema nini?"

"Aliagiza muhuri mwingine. Mimi nikabadilisha. Niliogopa ataleta ugomvi."

Birago akacheka kwa uchungu. "Kumbe siku hizi fundi ndiye anayefiwa."

"Aliagiza nini?" akauliza Nana Ofosu.

"Kangaga."

Uani kukavuma. Birago akageuka kwenye kiti chake. "Hamwogopi nani? Sisi?"

Nana Ofosu alimnyamazisha kwa kuinua kidole, akamtazama Dapaah. "Alipokuagiza, ulimuuliza anamwambia nani?"

"Hapana, Nana. Nilijua."

"Ulijua." Mzee akatafuta ugoro wake mfukoni, akaukosa. "Sisi angekuja na kangaga tungekasirika, ndiyo. Halafu tungemuuliza. Wewe rafiki wa mumewe hukumuuliza." Akageuka. "Mama Frema, nguo yako imetudanganya, na si kosa lako. Sema kwa mdomo."

Frema hakusimama. Aliongea akiangalia mikono yake.

"Nyumba sitoki. Mchanga wake nimeubeba kwa kichwa kutoka mtoni, na mimba ya miezi saba. Hilo ningelisema leo hata msingeniruhusu, mkanitoza faini mkitaka. Sikuhitaji nguo kwa hilo." Akamgeukia Birago. "Kangaga halikuwa lenu, wifi. Lilikuwa la Kwaku. Mnajua alivyoumwa. Usiku halali, ananiuliza tu, Frema, nikienda utaishije peke yako? Kila siku. Namwambia nitaishi, haniamini. Nikasema basi, siku ya kumsindikiza nitavaa kangaga, anione mwenyewe kwamba siogopi kubaki, aende ametulia."

Akalishika pindo la nguo, kama anayeangalia kitambaa dukani.

"Sasa ameondoka ameniona nimevaa subira. Ndicho alichokuwa anakiogopa hicho."

Birago alikuwa amejifunika uso. Alimpenda kaka yake, nalo hilo halikuwa siri. Wazee walinong'onezana muda mfupi kuliko ilivyozoeleka, na Nana Ofosu akatamka kwamba mjane atabaki katika nyumba aliyoijenga, na hakuna atakayemwuliza tena. Birago hakupinga. Watu wakaanza kusimama na kuburuta viti.

Dapaah alimfuata Frema hadi mlangoni.

"Shemeji, nisamehe. Nitakupigia nyingine. Leo hii hii naanza, kangaga tupu, kama ulivyosema."

Frema alimtazama, na hakukuwa na hasira usoni mwake, jambo lililomuuma Dapaah zaidi.

"Niivae nimsindikize nani?"