Kivuli Shingoni mwa Dada

Dada yangu ni mwigizaji, na mimi kazi yangu ni kumwekea jua. Yeye husimama mbele ya kitambaa cha kijani, katika chumba kisicho na dirisha, akijifanya yuko barazani asubuhi. Baadaye mimi nakiondoa kile kitambaa, namtengenezea baraza kwa kompyuta, kisha nalilinganisha jua langu na taa zilizommulika siku ile. Jua likimjia kulia ilhali taa zilimpiga kushoto, mtazamaji hatajua kilichoharibika, ila atajua anadanganywa.

Mwezi mmoja shoti moja, yaani kipande kimoja cha video, ilinigomea. Nilikuwa na kichwa cha Dada cha kompyuta, kilichotengenezwa kwa picha alizopigwa mwaka uliotangulia. Nikakiweka kando ya Dada wa kwenye video, nikakimulika vilevile. Pua ikakubali, mashavu yakakubali. Shingoni tu, chini ya koo, Dada wa video alikuwa na kivuli ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Siku mbili nilihangaika. Nikaishusha taa hii, nikaipandisha ile, wapi! Jirani yangu wa meza akachoka kunisikia nikisonya.

"Kifute tu, bibi wee. Kivuli chenyewe kama korosho, nani atakiona?"

"Mimi."

"Basi kaolewe nacho."

Nilicheka, nikaendelea kukitazama. Ndipo likanijia wazo nisilolipenda: huenda taa zangu hazina kosa. Aliyebadilika ni Dada.

Jioni nikaenda kwake. Nilimkuta anamenya viazi, redio juu, anaimba kumshinda mwimbaji mwenyewe. Nikaizima redio, nikamvuta hadi dirishani, nikamwinua kidevu.

"We, una nini? Unanikagua kama mbuzi wa mnadani!"

"Meza mate, Dada."

Akameza. Kitu kidogo kikapanda na kushuka pamoja na koo. Akakigusa mwenyewe, na mzaha ukamtoka usoni.

"Mimi nilidhani nanenepa," akasema polepole.

Kesho yake tulikuwa kwa daktari. Ulikuwa uvimbe kwenye tezi ya shingo, akasema, tena tumeuwahi. Utaondolewa, kisha upimwe. Dada aliogopa kitu kimoja tu, sauti yake.

"Nikitoka humo bubu, utaniigizia wewe?"

"Mimi? Hata kumdanganya Mama nilikuwa siwezi. Ulikuwa unanisemea wewe."

Siku ilipofika, akanishika mkono mpaka mlangoni mwa chumba cha upasuaji, na hapo muuguzi akatutenganisha kidole kimoja kimoja.

Majibu yalipokuja, haikuwa saratani. Sauti nayo ilitoka inakwaruza kama bawaba yenye kutu, na daktari akamwagiza asizungumze wiki mbili. Dada, asizungumze! Alihamia kwangu, akaniendesha kwa kugonga kijiko kwenye kikombe: mara moja chai, mara mbili sukari haitoshi. Nilimtii kwa kila mlio wa kijiko, na usiniulize kama niliudhika.

Siku ya kumi na tano nilikuwa nafagia chumba nilichompa. Nikasikia nyuma yangu, kwa mkwaruzo lakini waziwazi:

"Umeacha vumbi uvunguni."

Nikaketi palepale sakafuni na ufagio wangu, nikalia. Naye akashuka kitandani, akakaa ubavuni kwangu, akanicheka mpaka akakohoa.