Nyumba Iliyokuwa Njia

Kila asubuhi, kabla hajawasha mbabula yake ya makaa, Mama Philomène alifungua mlango wa mbele, kisha wa nyuma, akasogea pembeni. Jongoo walitangulia. Wakafuata mbawakawa, buibui waliobeba watoto mgongoni, na viwavi ambao mji mzima wa Likasi huwaita bishimu na kuwala. Walivuka sebule, wakazunguka miguu ya meza, wakatokea uani. Jumapili, akichelewa kurudi kutoka kanisani, walimngoja kizingitini.

Ukuta wa mgodi ulikuwa umeukata msitu wa miombo vipande viwili, na nyumba hiyo ndiyo iliyobaki kuwa upenyo. Hata nondo walipita kwa miguu, mabawa wameyakunja, maana taa za ukutani ziliwaunguza waliothubutu kuruka juu. Madume walikuwa wamesalia kipande cha juu, majike cha chini, na njia ya kukutana ilikuwa hiyo tu.

Tangu mumewe afariki na wanawe wahamie Kolwezi, hakuwa na wageni wengine, isipokuwa jirani yake mwenye ulimi, aliyeitwa Mimi.

"Mama Philo, bishimu inapita mu nyumba, weye unakula maragi?" Mimi aliuliza, akichungulia maharage chunguni.

"Mugeni habamukule, Mimi."

"Basi ubafundishe kupanguza miguu. Na vile iko mingi!"

Ndipo akaja Cédrick, kijana wa kampuni ya mgodi, kumweleza Philomène kwamba nyumba itabomolewa ili ukuta ukamilike, naye atapewa nyingine. Jongoo alipofikia kiatu chake, Cédrick aliinua mguu.

"Pardon," alimwambia jongoo.

"Mwana yangu," alisema Philomène, "muache hata katobo kadogo."

"Mama, ukuta ya tobo haiko ukuta."

Cédrick alimaliza chai aliyokaribishwa, akashukuru, akaenda zake. Jumatatu likaja tingatinga.

Nyumba mpya, kwenye barabara ya Tshangalele, ilikuwa na mabati yasiyovuja. Mvua za kwanza ziliponyesha, Philomène alisikia mkwaruzo mlangoni, akafungua. Nondo madume waliingia mmoja mmoja, vumbi jekundu limewatapakaa. Hawakujua mlango mwingine ila wake, popote alipohamia. Walivuka sebule, wakatoka nyuma, wakakuta ukuta wa jirani. Wakarudi ndani, wakatulia sakafuni.

Kule kipande cha chini, majike walitaga mayai yasiyo na baba, nayo yakanyauka juu ya majani.

Philomène aliuacha mlango wa nyuma wazi vilevile.

"Mwikale tu," aliwaambia, akasogeza kiti chake wapate pa kukaa.