Sindano ya Mkwe

…na glovu tena anabadilisha, za nini, zile za kwanza zimeshika uchafu gani, tangu nikae kwenye kiti hiki hajagusa kitu ila spiriti na mkono wangu, labda mkono wangu ndio uchafu, haya, na moyo nao unanidunda kama wa msichana, aibu, mimi mwenye tatuu kuanzia mabegani, ndege, nge, cherehani yangu ya kwanza, mimi niliyeshona nguo za watu mpaka macho yakagoma, leo niogope sindano… si sindano, ni mwenye sindano, huyu kijana mchora tatuu anataka kumwoa mjukuu wangu, Jumamosi wazee wake wanakuja kusikia neno langu, na neno langu ndilo la mwisho maana aliyemlea ni mimi, ndiyo sababu nikamwambia nichoree mkasi hapa ndani ya kiwiko, mtu hudanganya kwa mdomo, kwa mkono hawezi… "Bibi, legeza vidole," anasema, sauti ya asali, asali ya nini, marehemu mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, ndiyo mke wangu, sawa mke wangu, hewala, kumbe hewala zile alikuwa akizigawa nyumba mbili, na yule mchoraji wangu wa zamani, kila nisemalo linawezekana, nikataka ndege nikatoka na kiazi chenye mdomo… "Bibi, mbona umekunja uso hivyo, unamtisha," mjukuu wangu huyo, amesimama mlangoni, "Kama anatishwa na uso akaoe mto," namjibu, anacheka, kijana hacheki, kwa nini hacheki, ameinama anavuta ngozi yangu kwa kidole gumba, anaiachia, anaitazama inavyorudi polepole kama mlevi anayetafuta mlango wake, anavuta tena, anatafuta nini humo, na mashine aliiwasha akaizima, nimesikia, sijaziba masikio, ama kuna kitu asichokijua, ama wawili hawa wamepanga anikwangue juu juu tu, mzee ataona nini, ataridhika… "Bibi, hapa sichori." Nini? "Ngozi ya hapa imekuwa nyembamba sana. Wino utasambaa, mkasi utageuka doa." "Uzee wangu umeuona leo?" "Kuuona niliuona zamani, Bibi. Leo nimeushika." Mjukuu wangu anaguna, "Wee, si umchoree tu, unamjua akikasirika!" naye bila kuinua kichwa, "Na akasirike, ila simharibu mtu"… kijasho kimemtoka juu ya mdomo, anaogopa, Jumamosi anaijua vizuri kuliko mimi, ndiyo moja tu ingemtosha, na doa lingejitokeza harusi imeshapita, nani angemrudia… wangapi waliniletea gauni lililochakaa, shona tu fundi, tia uzi mara mbili, na fundi wa mlango wa pili alikuwa anashona, likichanika mwenyewe yuko nalo kwake, mimi nalivuta hivi kwa gumba, nalikunja, namrudishia, mama, hiki hakishiki uzi, wakaniita mwenye maringo, wateja wakahamia mlango wa pili… gumba lile lile, hebu tazama… hapana, usilainike, we mwanamke, huenda amejifunza tu, huenda kaambiwa bibi hapendi watu wa ndiyo ndiyo, na nani, na huyo mlangoni aliyetoka kumwambia achore tu?… "Tuhamie juu kidogo, karibu na bega, ngozi ya pale bado imenona," anasema, anangoja, mkono wangu bado umenyooka kwenye kimto cha kiti, sindano bado haijanigusa, na sasa ndiyo naogopa kweli, maana nilikuja na hapana yangu mdomoni, nimeitafuna tangu siku waliponiambia, msichana akiondoka nitabaki nagombana na paka, na paka hajibu… neno langu sitawaambia leo, na watokwe jasho mpaka Jumamosi… "Bibi?" ananiita, ananiita tena, na mimi natafuta kosa, nalitafuta kwenye glovu, kwenye meza, kwenye macho yake, hata sababu ya kumkataa ameninyima, mshenzi huyu.