Supu ya Nyonya Lasmi

Wakamwana niliowaua mimi hawahesabiki. Mmoja nilimsukuma kisimani, mwingine nilimfungia ndani nyumba ikiwaka moto, na yule anayekumbukwa na Java nzima nilimtilia sumu kwenye supu. Yote hayo mbele ya kamera, kwa mshahara, na jioni tulikaa chini tukala wali pamoja, mimi na marehemu. Lakini hebu nenda ukawaeleze watu hayo uone watakavyokutazama.

Jina langu ni Wartini, na halijulikani. Sokoni naitwa Nyonya Lasmi, yaani Bibi Lasmi, jina la yule mama mkwe wa filamu ya supu, na nimeitwa hivyo tangu nikiwa bado na meno yote. Kuna muuza mboga aliwahi kunichapa kwa fungu la mchicha, akasema yeye hawauzii wauaji. Siku hiyo nilikuwa na mume wangu, alicheka mpaka akakaa chini palepale penye matope. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka. Tangu afe, mambo hayo hayana utamu tena, maana ukichapwa mchicha ukiwa peke yako ni kuchapwa tu.

Sasa mwanangu Danang ni baharia, yuko mbali na meli. Mkewe, Wening, alijifungua binti huku Klaten, na mama yake mzazi alikwishafariki. Danang akanipigia simu. "Mama, nenda ukakae naye. Hana mtu." Nikafunga nyumba yangu ya Jakarta, nikapanda treni na furushi la majani ya katuk mapajani, yale ya kumletea mzazi maziwa. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Nilikuwa naenda kumpakata mjukuu.

Wening ni msichana mpole, mzaliwa wa kijijini Wonogiri. Huko, kila harusi ilipofanyika, watu walitandika kitambaa cheupe uwanjani na sinema ikaoneshwa mpaka watoto wakalala. Yeye alikuwa akikaa mapajani mwa bibi yake, na bibi akimnyooshea kidole pale kwenye kitambaa. "Umemwona yule? Ukiolewa, ndiye anayekungoja." Alinisimulia hayo mwenyewe, kwa adabu, huku akinikata jicho. Kidole cha bibi kilikuwa kinanionesha mimi.

Siku ya kwanza nilimpikia supu ya kuku na yale majani. Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, Mama. Nitakula baadaye." Alasiri nikaenda nyuma ya jiko kumwaga maji, nikakuta paka wawili chini ya mgomba wakigombania paja la kuku. Sikukasirika. Naongopa, nilikasirika sana, nikawatazama wale paka nikawaonea wivu.

Kesho yake nilianza kula mimi mbele yake, vijiko kadhaa, nikamsukumia bakuli. Akaniangalia mpaka nilipomeza.

"Hata kwenye filamu ulianza kula wewe, Mama," akasema polepole. "Ulikuwa umeshakunywa dawa ya kuzuia sumu."

"Wening mwanangu, ile ilikuwa supu ya maji na rangi. Naapa kwa Msahafu."

"Na kuapa pia uliapa. Halafu ukalia."

Ni kweli, nililia. Chozi lile ndilo lililonipa jina. Jicho la kushoto peke yake, la kulia kavu, bila kitunguu wala matone, na kamera imenisogelea mpaka pua haionekani. Mwongozaji alikuwa akiwaambia wageni kwamba jicho la kushoto la Wartini ndilo linalowalisha wanawe.

Nilikaa pale jikoni na bakuli langu, na ndipo nilipoielewa hali yangu. Kila afanyalo mtu mwema ili aaminiwe, mimi nilikwishalifanya kwa uongo, tena vizuri, nchi nzima ikiona. Kula kwanza, kuapa, kulia, kupiga magoti, kuomba radhi. Sikubakiwa na hata moja la kutumia kwa ukweli.

Msidhani nawalaumu watu. Zamani, katika duka la vitambaa, nilimsikia mwanamke akimsuta mkamwana wake kwa maneno yangu, neno kwa neno, mpaka na kile kikohozi changu kidogo katikati. Maneno yale mwandishi wa filamu aliyaandika asubuhi ileile ya kupiga picha, nyuma ya pakiti ya sigara. Sasa nani alimfundisha mwenzake? Mwandishi alisema ameyachukua kwa mama yake mzazi. Mimi nilinunua kitambaa changu nikaondoka.

Wening akawa anakula wali aliopika mwenyewe, kwa chumvi tu, na mayai ya kuchemsha. Mayai, kwa sababu yana ganda. Majirani walikuja kumwona mtoto, chai yangu ikapoa kwenye vikombe vyote, wakaaga wakiwa na kiu. Na mtoto, Laras wangu, alikuwa akinyonya kidogo anaachia, analia kwa sauti iliyokwisha nguvu. Maziwa hayakuwepo. Nilikuwa namsikia kupitia mlangoni, kwa maana chumbani sikukaribishwa, na ule mlango niliuchukia kuliko kitu chochote duniani.

Jirani mmoja tu hakuniogopa, Bi Karsi, mjane wa upande wa pili wa ua, mwanamke mwenye mdomo. Kila asubuhi alinisalimu kwa maneno yaleyale. "Nyonya Lasmi, leo tunazika nani?"

Siku hiyo nilimsogelea. "Mjukuu wangu, tukiendelea hivi," nikamwambia.

Akaacha kufagia. Nikamweleza yote, paka, mayai, mlango.

"Basi mpelekee kitu kutoka kwangu," akasema.

"Wewe unajua kupika?"

"Mwenzangu, mume wangu alikufa mwembamba."

Tukakubaliana. Nikawa napenya kwenye tundu la ua asubuhi, napika jikoni kwake, yeye amekaa kwenye kigoda ananisengenyea mtaa mzima. Supu ikiiva anavaa kanga safi, anabeba bakuli, anapita mlango wa mbele. Mimi nazunguka nyuma na kuingia nikijifanya natoka kufua. Kuficha sufuria, kunyata, kuangalia kushoto na kulia kabla ya kuvuka. Nyonya Lasmi mtupu. Bi Karsi alisema sijawahi kuigiza vizuri hivi, na mimi nilifikiri hivyohivyo, ila hapakuwa na mtu wa kutazama.

Wening alikula bakuli zima. Kesho yake akaomba jingine. Baada ya siku chache maziwa yakafunguka, na kile kilio nyuma ya mlango kikawa kilio cha mtoto aliyeshiba na mwenye madai. Nilisimama ukumbini nikikisikiliza, na wallahi nilifurahi.

"Supu ya Bi Karsi inanikumbusha mama yangu," Wening akaniambia siku moja, uso umenawiri. "Kwa nini usiende kwake akakufundisha, Mama?"

"Nitaenda," nikasema.

Nikaenda kujifunza supu yangu. Siku nyingine Wening alikuja kusimama mlangoni pa jiko la Bi Karsi na mtoto begani, akitazama ninavyofundishwa. Bi Karsi masikini, hajui lini kitunguu kinatiwa, anapiga kelele tu, "Koroga, koroga, wewe mzee vipi?" Nami nakoroga, naitikia ndiyo mwalimu. Wening akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Hatimaye akakubali nipike nyumbani, Bi Karsi akiwa mlinzi wangu. Nikamletea bakuli chumbani. Chumbani kwenyewe. Akaonja, akaonja tena, akala mpaka mwisho.

"Si mbaya, Mama," akasema. "Ya Bi Karsi inaizidi kidogo."

"Nitazidi kujifunza."

Akatabasamu, akanyoosha mikono na mtoto. "Hebu mshike, ninawe mikono."

Nikanyoosha na yangu. Kichwa cha Laras kilikuwa kimeshafika karibu, nilisikia harufu yake ya mafuta na maziwa, na nikahisi kitu cha moto kikishuka shavuni. La kushoto. La kulia lilikuwa kavu kabisa. Jicho hili mimi silitawali tena, limezoea hivyo.

Nikajifuta haraka. Lakini Wening alikwishaliona, na chozi lile analijua tangu mapajani mwa bibi yake. Mikono yake ikarudi kifuani taratibu, pamoja na mtoto.

"Au tumwache, Mama," akasema kwa adabu. "Naona anasinzia."

Laras alikuwa macho, amenikodolea. Nikachukua bakuli nikaenda kuliosha.