Chambo Wangu

…wangu, amesema wangu, si changu, nimemsikia mshtakiwa vizuri ingawa sikio la kushoto limeanza kuchoka, chambo wangu, na hakimu bado ameinua kalamu, ananitazama, Mzee Bartholomeo, tunasubiri maoni yako, ana sauti ya taratibu huyu binti Magreth, asubuhi pale kibarazani alinipa shikamoo kabla sijawahi kumwita Mheshimiwa, na kwa adabu ileile amenieleza kwamba wavu utachomwa kwa vyovyote, linalobaki ni mtu mwenyewe, kama Dominiko alikosea kwa kutojua atapewa onyo aende nyumbani kwake Mwembesongo, kama aliidanganya mahakama ni miezi sita gerezani, na Mama Veronika, mzee wa baraza mwenzangu, amekwisha sema lake, huyu baba anatuchezea, Mheshimiwa, basi limebaki langu, nami nilikuwa nalo tayari, mwongo, neno moja, lilikuwa limefika kwenye meno… wavu wenyewe uko mezani, ameushona kwa vyandarua viwili, kimoja cheupe kimoja cha samawati, mshono mzuri, mshono wa mtu aliyekaa miaka kwenye mitambo ya kufuma nguo mpaka kiwanda kilipowapunguza, umelala mezani kama kipande cha lile wingu linaloshuka Uluguru sasa hivi, naliona dirishani, limefunika mashamba ya juu, linateremka polepole kuelekea mapaa ya Kilakala, sijui wingu nalo lina macho madogo kiasi gani, linapita na miti yote na haliachi hata mmoja… siku hizi kila kitu ruksa, mitumba ruksa, duka kila kona ruksa, ila wavu wa macho madogo, huo hapana, bwana samaki Rogers ametusomea kifungu kilichoandikwa kwenye ubao kule bwawani, kwa sauti ya mtu anayesoma risala, ni marufuku kuvua bwawani kwa wavu wa macho madogo, isipokuwa kwa kuvua chambo, akafunga karatasi yake, akainua ndoo tuone, vifaranga vya perege, wengine hawajatimia kidole, halafu akamgeukia Dominiko, wewe unasema ulivua chambo, haya, ndoana zako ziko wapi, na Dominiko akashangaa, alishangaa kweli, nilimwona, akasema, "Ndoana za nini, bwana? Chambo wangu mimi nawavua kwa wavu," chumba kizima kikacheka, mtu nyuma akasema huyu anatega chambo kwa chambo, hata karani alicheka, mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa nimejikwaa kwenye wangu… chambo changu, vyambo vyangu, Mwalimu Castory alikuwa akipita katikati ya madawati na rula yake ya mninga, chambo ni kitu, hata kama ni mnyoo anayefurukuta kwenye ndoana ni kitu, kwa sababu kimekwisha pewa kazi, semeni wote, chambo changu, na ukungu ulikuwa ukiingia darasani kwa dirisha lisilo na kioo mpaka tukawa hatumwoni, tunaisikia rula tu, chambo changu… nikajisemea watu wa bara la mbali Kiswahili chao ndivyo kilivyo, wanakichukua kama nguo ya kuazima, lakini sivyo, hapana, wavu wangu umechakaa, alisema, ndoo yangu ilivuja, kisima chetu kimekauka, kila neno alilikalisha kwenye kiti chake, ni hilo moja tu, na mtu anayepanga maneno yake vile hawezi kukosea hilo moja, tena mara tatu… mara tatu alisema wangu, na alipoulizwa kwao ni wapi alijibu Mbamba Bay, karani akauliza ndiyo wapi huko, ziwani, Nyasa, akaandika, tukaendelea… Nyasa, mimi nilifika, nilikuwa karani kijana wa boma la Songea, tulishuka na lori la mpima ardhi hadi maji yakatokea chini yetu kama mbingu iliyoanguka, na kwenye nyumba tuliyofikia kulikuwa na mama mmoja, Martina, jina lake Martina, akaleta ugali wa muhogo na samaki wa kuchoma aliyefunika sahani, mpana, mapezi yake yamekaukia motoni, akasema karibu chambo, baba, nami nilijizuia nisicheke, nikamuuliza kwa heshima, mama, huku mgeni hulishwa chambo, akanitazama kama ninavyotazamwa sasa, akasema ndiyo, tena huyu ni mdogo, wenzake wako wakubwa zaidi, na nilipomfunua nilimjua, alikuwa ndugu yake perege, nyama ileile nyeupe, miiba ileile, nikamla mpaka kichwa, na jina lake likazama humu lisionekane tena… kumbe kwao chambo ni samaki, ana jina kama mtu ana jina, chambo huyu, chambo hawa, chambo wangu, na Dominiko alisimama mbele ya ubao kule bwawani akasoma isipokuwa kwa kuvua chambo, hawakuandika vyambo, hawakuandika changu wala wangu, neno liko peke yake halina mkia, akaona sheria ya watu wa Morogoro imemkumbuka yeye, imemwachia samaki wa mama yake, akaenda akashona vyandarua… na mimi nilikuwa namfunga mtu kwa rula ya Mwalimu Castory… Magreth hajashusha kalamu, ndoo iko palepale, Mama Veronika anajipepea na kitambaa, Dominiko ameangalia vidole vyake vya miguu, anaona haya kama mtu aliyechekwa kwa lugha ya nyumbani kwao, Mheshimiwa, nasema, kabla ya maoni yangu naomba kumuuliza mshtakiwa swali moja, na sauti yangu inatoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Dominiko, kwenu chambo analiwa na nani?"