Kobe wa Bwawani na Jina la Anyisile

Mwanga wa asubuhi uliteremka bwawani, chini kidogo ya Wanging'ombe, ukatua juu ya jiwe jeusi. Hapo kobe wa maji alikuwa ameanika gamba lake, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyetoka kulima.

Tabea, mama yake Efraimu, alimpenda kobe yule. Kiangazi, bwawa likikauka, alijua yumo chini ya tope, amelala, hana njaa, hana kiu. Mvua ya kwanza ikipiga, tope lilipasuka naye akatoka na udongo mgongoni, akautembea utelezi bila haraka. Ukimkaribia, aliikunja shingo ubavuni, akauficha uso chini ya gamba kama bibi harusi.

"Kamwene," Tabea alimsalimu kila alipokwenda kuteka maji. Kiumbe mpole. Kiumbe asiye na neno na mtu.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, wanaume wengi wako mashamba ya mkonge. Mwaka ule bata wa Tabea alitotoa, na vifaranga vikaanza kupungua. Leo kimoja, kesho kimoja. Manyoya hakuna, damu hakuna.

Shamba lililopakana na bwawa lilikuwa la Anyisile. Aliolewa kutoka ng'ambo ya Makambako, mumewe akafia kwenye mkonge. Akabaki mgeni, na mgeni hana mtetezi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, Tabea alimnyooshea kidole.

"Vifaranga vyangu vimo tumboni mwako!"

Tangu siku ile hakuna aliyemwomba Anyisile moto, wala aliyempa. Alilima peke yake. Alivuna peke yake.

Kisha asubuhi moja Tabea alichutama na mtungi wake. Bata anaogelea, kifaranga cha mwisho kinamfuata. Maji yametulia. Pua ndogo ikachomoza, ikatoweka. Kifaranga kikalia mara moja, kikavutwa mguu, kikazama. Duara likatanuka juu ya maji, likafika miguuni pake, likaisha.

Kobe hakukosa, alikula alicholetewa na maji. Aliyekosa alikuwa amechutama ukingoni, uso unamwaka, mtungi mtupu.

Alimkuta Anyisile uani akipukuchua mahindi.

"Nisamehe, dada. Ni kobe."

Anyisile hakuinua macho. "Ulinitukana mbele ya kanisa, mama Efraimu. Mbona msamaha unauleta uani?"

Jumapili Tabea alisimama mbele ya watu, kitenge kimelowa jasho mgongoni.

"Si Anyisile. Ni kobe wa bwawani. Nami nilikuwa nikimsalimu kila siku."

Kanisa likaangua kicheko. Kobe! Wazee wakashika mbavu, akina mama wakajifuta machozi. Ndivyo walivyomcheka Anyisile siku ile alipoapa kwamba hajui lolote.

Anyisile peke yake hakucheka. Aliinuka kwenye benchi la nyuma.

"Nyamazeni," alisema. "Mwacheni amalize."

Wakanyamaza wote. Na Tabea, neno la msamaha akiwa bado hajalitamka, akatamani wangeendelea kucheka.