Dada wa Kapiteni

Mfululizo ule wa filamu ya chombo cha anga ulipofika mjini Kasongo, miaka tisa iliyopita, ulikuwa aibu tupu. Mtu akifunga mlango, kuta za chombo zinatikisika. Zimwi la sayari ya kwanza lilivaa viatu vya raba. Maneno ya waigizaji, ya Kifaransa, hayakuwa na kichwa wala miguu, na Safia, mtafsiri katika kibanda cha video cha mjomba wake Nourdine, akaona watu wanaanza kuinuka kwenye mabenchi. Akatia chumvi. Kapiteni alipomlilia fundi wake wa mitambo bila sababu ya maana, Safia akashika kipaza sauti: "Analia kwa sababu ule ni dada yake. Walipotezana wakati wa vita." Watu wakakaa. Mama Cadette, muuza mawese, alilia mpaka kitenge kikalowa.

Tangu siku hiyo, dada akawa dada.

Ajabu ni kwamba mwaka hadi mwaka mfululizo ukanoga. Waandishi wakakomaa, maadui wakapata sababu za uadui wao, kapiteni akaota mvi na akili pamoja. Kufikia msimu wa saba Safia hakuwa na la kuongeza. Alitafsiri tu, akifurahi.

Msimu wa tisa ukaletwa na dereva wa pikipiki kutoka Kabambare, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu. Safia aliutazama peke yake asubuhi, kama kawaida yake, akakuta balaa. Kapiteni anamwoa fundi. Na ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, imepikwa polepole kwa miaka.

"Sema walilelewa tu nyumba moya," Nourdine alimshauri. "Ukiungama, nani atakusikiliza tena?"

Hofu ya Safia ilikuwa hiyo hiyo. Mtafsiri asiyeaminika ni bure kabisa, na kazi hii aliipenda kuliko kitu chochote.

Alasiri kibanda kilijaa. Kapiteni alipomshika fundi mkono na kumvalisha pete, minong'ono ikaanza. Safia akasimamisha picha.

"Baba zangu, mama zangu, hawa si ndugu. Ni miye nilitunga. Filme ilikuwa mubaya, nikaogopa mutatoka. Munisamehe."

Mama Cadette, aliyekaa benchi la mbele, akamjibu.

"Mwanangu, miye nilisoma Kifaransa kwa masista miaka sita. Nilijua tangu siku ile."

"Na ulilia, mama?"

"Nililia juu ya vile wewe ulisema vizuri. Filme yenyewe haikukuwa na mutu wa kulilia." Akasogea, akapigapiga nafasi kando yake. "Sasa imekomaa. Hapa hawasemi kitu, wanaangaliana tu. Weka mikro chini, kuja ukae."

Watu wakacheka kidogo, wakampisha. Safia akaiwasha picha, akaketi. Kapiteni na fundi wakatazamana bila neno, na kwa mara ya kwanza katika kibanda kile, Safia naye akalia.